Tone la Bluu Halisalimii Mutu

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Maji yamefika saa kumi na mbili na dakika tano. Mama Ernestine, mulinzi wa robine yetu, bomba la avenue nzima, alinibipa kama kawaida, simu ikalia mara moja ikakatika. Nikasafisha koo. Nikarekodi. Dakika nne na sekunde kumi na mbili. Audio nzuri sana. Nimeisikiliza mwenyewe mara mbili.

Kwa mutu atakayeokota daftari hili: mimi ni Papa Sikuli, muhabarishaji wa maji katika grupu ya WhatsApp ya avenue yetu, hapa mutaa wa Mabanga. Tuko watu mia moja arobaini na tatu. Kazi yangu nyingine ni kutengeneza saa za mukono. Mwaka huu nimepata wateja wawili, na mumoja alikuwa anauliza njia. Kwa hiyo heshima yangu yote iko ndani ya grupu.

Heshima, na bidoni, dumu langu la maji. Tangu miaka sita bidoni ya muhabarishaji inakaa ya kwanza kwenye robine. Haipangi mustari. Ni ya njano kama zingine zote, lakini nimeifunga kamba nyekundu, na hata mbuzi wanajua kuizunguka. Bila bidoni hiyo, muke wangu Masika hapiki buyi, uji wa kuuza asubuhi. Bila buyi, hatuli. Ni hesabu fupi.

Audio zangu zina utaratibu. Huwezi kumuambia mutu "maji" kabla ya kumusalimia, kwani umekuwa mutoto wa barabarani? Naanza na Muzee Habarurema, mukubwa wa avenue. Halafu wajane. Halafu kwaya. Halafu familia za Rutshuru, za Masisi, za Butembo na za Beni, mutu asiseme nimependelea. Halafu wagonjwa. Halafu wanafunzi wenye mitihani. Halafu maji.

Leo Madame Charline ameandika. Ni mwalimu wa hesabu, alihamia kwetu kutoka Katoyi mwezi wa nane, na tayari ndiye admin, maana admin wa zamani alienda Beni na cheo akamuachia mutu wa kwanza aliyejibu. Ameandika kwamba kuanzia kesho hakuna audio tena. Maji yakifika, Mama Ernestine mwenyewe ataweka tone moja la bluu, kale kachoro kadogo ka simu. Basi.

Tone!

Vidole gumba arobaini vya kukubali ndani ya dakika tano. Nilivipitia kimoja kimoja. Cha tisa kilikuwa cha Masika. Nilimuuliza jikoni. Akasema kidole kiliteleza. Kiliteleza tena, kikaweka na moyo.

Jumanne, tarehe 7 Oktoba

Tone la kwanza limetoka saa kumi na mbili na dakika moja. Watu walifika kwa robine kabla sijamaliza kuvaa suruali. Haraka namna hiyo haina adabu.

Bidoni yangu ilijaa ya kwanza, bado. Lakini nimewaona wamama wakiiangalia. Wanajiuliza: huyu sasa anahabarisha nini?

Mpango: kumuamsha Muzee Habarurema. Muzee akikasirika, avenue nzima inakasirika. Nilimupelekea avoka tano, nikakaa, nikamuambia kwa uchungu kwamba tone la bluu halisalimii mutu. Yeye, muzee wetu, amefutwa! Aliyekuwa wa kwanza sasa hayuko hata wa mwisho!

Aligeuzageuza avoka moja mukononi. Nikajua maneno yameingia. Halafu akauliza kama tone linakula mégas nyingi za intaneti.

Nikasema hapana, karibu bure.

Akafurahi sana. Akasema audio zangu ni tamu, lakini tangu miaka sita hajawahi kupita kwaya, mégas zinamufia pale pale. Nikamuuliza basi maji alikuwa anayajuaje. Akasema muke wake, Mama Nyiramahirwe, anachungulia dirishani: watu wakikimbia na magodoro, ni mambo mengine, ya bunduki, wakikimbia na bidoni, ni maji.

Kisha akaniomba nimuonyeshe namna ya kuweka kidole gumba. Nikamuonyesha. Cha arobaini na moja nimekiweka kwa mukono wangu mwenyewe.

Avoka hakurudisha.

Jumatano, tarehe 8 Oktoba

Ushindi! Lakini niandike yote.

Nilifikiri hivi: tone ni kitu kidogo, na kitu kidogo kinapotea kati ya vitu vingi. Saa kumi na moja na nusu nikatuma picha ya maua na maneno: Bonjour famille, Mungu ametuamsha, kila nyumba ijibu Amina na jina la familia. Hakuna mutu wa muji huu anayeiacha Amina ikining'inia. Mpaka saa kumi na mbili zilikuwa zimefika Amina mia moja na kumi na mbili. Kwaya ilijibu mumoja mumoja, sauti ya kwanza mpaka ya nne.

Tone lilitoka saa kumi na mbili na dakika mbili. Lilizama kama jiwe ziwani. Nyumba zaidi ya thelathini hazikuliona. Maji yalikatika saa moja kasoro robo, na avenue ikajaa watu wenye bidoni tupu na maneno ya moto. Nikatoka, nikasema kwa upole: mnaona? Enzi ya audio, jambo hili halikutokea.

Nikarudi nyumbani nikiimba. Masika amesimama mulangoni na sufuria.

Bidoni yetu ilikuwa ya kwanza kwenye mustari, kweli. Ilikaa pale mdomo wazi dakika arobaini na tatu, na hakukuwa na mutu wa kuisukuma chini ya robine. Mimi nilikuwa najibu Amina. Masika alikuwa anangojea tone, na tone nililizamisha mimi. Watu waliisogeza pembeni kidogo, kwa heshima, wakachota.

Masika aliuliza kama Amina inachemka kwa moto mukali au mudogo. Akauliza kama wateja wake nitawamiminia salamu ndani ya kikombe. Akasema, weye papa, ningeolewa na redio ningeweza walau kuizima. Majirani walikuwa wanasikia. Mumoja alisema Amina.

Saa nne Madame Charline alifunga grupu. Admin tu ndio wanaoandika: yeye, na Mama Ernestine aliyeongezwa kwa ajili ya tone. Sisi wengine, kusoma, na kuweka vile visura vidogo chini ya maandishi.

Ushindi una gharama.

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba

Siku mbaya. Ilianza vizuri.

Tone la saa kumi na mbili. Grupu kimya. Siwezi kuandika neno. Lakini kisura kimoja wameniachia, basi nikatumia haki yangu: chini ya tone la Mama Ernestine nikaweka uso unaolia. Upinzani wa mutu mustaarabu. Halafu nikaenda kuteka. Bidoni ya kwanza, bado.

Nilichosahau: kwetu mutu halii peke yake.

Jirani yetu Mama Munezero aliona nimelia, akalia. Dada yake akaona wawili wamelia, akalia. Hakuna aliyeweza kuuliza, grupu imefungwa. Mpaka saa mbili nyuso zilikuwa thelathini na saba, zote chini ya jina la Mama Ernestine. Wamama wakaelewa kile ambacho mutu yeyote angeelewa: Mama Ernestine amefiwa, na kwa uchungu hakuweza kuandika, ameweka chozi moja tu. La bluu.

Wakafunga vitenge kiunoni. Wakabeba mabenchi. Wakashuka kwa robine wanalia.

Mama Ernestine alikuwa anajaza bidoni ya mutu. Aliona wanawake thelathini wanakuja kwake na machozi. Ukiona hivyo unalia kwanza, unauliza baadaye. Alifunga robine, akatupa funguo, akaanguka mikononi mwao akiuliza kama ni mama yake wa Masisi au ni kaka yake. Wakasema pole mama, Mungu ndiye anajua. Walifikiri yeye anajua. Yeye alifikiri wao wanamuficha.

Nami nilibeba benchi. Ningefanya nini? Mutu asiyeonekana kwa musiba anakumbukwa.

Na pale kwa uwanja wa Mama Ernestine wakaniomba, kwa kuwa sauti yangu inajulikana, niseme neno la faraja. Nilikataa mara moja, kwa adabu. Halafu nikasimama. Nilianza na Muzee Habarurema. Nilikuwa vizuri sana. Watu walilia upya.

Nilikuwa bado kwa wajane wakati kaka yake Ernestine alipoingia mzima, kutoka kazini, akauliza nani amekufa. Na mama wa Masisi akajibu simu, akasema yuko kwa maharagwe yake, mnanisumbulia nini. Vilio vikageuka vigelegele. Halafu vikakatika.

Madame Charline alikuwa amefika kutoka shule. Hakupaza sauti. Alisimama katikati ya uwanja kama mbele ya darasa, akauliza mumoja mumoja: wewe ulilia kwa sababu ulimuona nani amelia? Huyu akamutaja yule. Yule akamutaja yule mwingine. Ilichukua muda. Nilifikiria kutoka, lakini mulango ulikuwa nyuma yake. Mwisho Mama Munezero akasema: miye nilimuona Papa Sikuli.

Watu wote wakageuka. Mkono wangu ulikuwa bado juu, ule wa kufariji.

Nilisema nilikuwa nalilia audio.

Ijumaa, tarehe 10 Oktoba

Wamama wamekaa, wamehukumu. Bila mimi.

Bidoni yangu imetolewa mbele. Kwanza kwa sababu muhabarishaji asiyehabarisha ni mutu kama mutu. Pili kwa sababu ya machozi ya Mama Ernestine. Sasa inakaa mwisho kabisa, nyuma ya bidoni saba za Mama Twizeyimana, anayeuza buyi ng'ambo ya barabara na kumutazama Masika kama mutu anayepima kaburi.

Leo maji yalikatika zikiwa zimebaki bidoni nne mbele yetu. Masika alipika nusu sufuria kwa maji ya jana. Wateja wa saa moja na nusu walivuka barabara. Masika alifunika sufuria polepole. Ningependa angenifokea.

Mpango wa mwisho. Mukubwa kuliko yote. Nitatoka katika grupu.

Watu wa mbali hawawezi kuelewa uzito wake. Miaka minne iliyopita Papa Théogène alitoka, kwa hasira ya ugomvi wa mbuzi. Grupu nzima ilisoma: Théogène ametoka. Kesho yake wajumbe saba walifika kwake na soda, wakambembeleza mpaka jua likaelekea ziwani, na akarudi ndani kama Askofu. Kwetu mutu akitoka, anafuatwa. Ndivyo tulivyolelewa.

Nimeandika masharti. Moja: audio irudi, nakubali dakika tatu. Mbili: bidoni irudi mbele. Tatu: tone liombe radhi. Hilo la tatu nitawaachia wakinibembeleza, ni la kupunguza bei tu.

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba

Saa mbili kamili nimetoka.

Saa mbili na dakika tano, shati nyeupe. Saa mbili na robo nimeazima viti sita kwa jirani. Masika alikuwa ameenda soko kutafuta unga. Kulikuwa na maji kidogo chini ya bidoni, ya mwisho nyumbani. Nikayapikia chai ya wajumbe. Mutu haambii wajumbe "hakuna maji" siku wanayokuja kwa ajili ya maji.

Saa tatu, kimya. Wanajikusanya.

Saa nne, Papa Théogène alipita. Nikasimama. Nikakunja uso kama mutu atakayekataa mara ya kwanza. Akauliza kama anaweza kupata kiti kimoja, cha kwake kimevunjika. Alikichukua. Vimebaki vitano.

Saa tano, watu wakaanza kupita na bidoni zimejaa. Zimejaa! Mama Munezero, bidoni kichwani, akaniuliza leo iko harusi gani. Maji yalikuwa yamefika saa nne na dakika kumi, na tone lilitoka, na tone halikuniambia kitu, kwa sababu nimetoka.

Nikamukimbilia Papa Théogène, amekaa barabarani juu ya kiti changu. Nikamuuliza waziwazi: wewe hukuona kwamba nimetoka? Akasema ametoka nani? Nikasema mimi, katika grupu! Akaniangalia kwa huruma. Akasema, ndugu yangu, hiyo ilikuwa zamani. Siku hizi ukitoka, simu inamuambia admin peke yake. Wengine hawaoni kitu. Unatoka kama mutu anayeenda msalani.

Wamebadilisha. Bila kuniuliza. Hata kutoka wamekubadilisha!

Admin ni Madame Charline na Mama Ernestine, na Ernestine anafungua grupu kwa tone tu. Kwa hiyo watu mia moja arobaini na tatu, na anayejua ni yule yule mumoja.

Masika alirudi na unga saa sita. Akaona viti. Akaona chai. Akainua bidoni kwa kidole kimoja, ikainuka.

Aliketi kwenye kiti kimojawapo. Akasema unga ni wa mwisho, na kwamba kesho buyi isipopikwa, Mama Twizeyimana hatahitaji kupiga kelele, atachukua wateja kwa kunyamaza tu. Alisema kwa sauti ndogo. Nikamumiminia chai. Tukanywa vikombe vya wajumbe, kimoja kimoja, mpaka vikaisha.

Jumapili, tarehe 12 Oktoba

Madame Charline alinishika baada ya misa, pembeni, kwa ukuta. Nikatayarisha masharti kichwani. Akasema aliona nimetoka, na hakumuambia mutu, alifikiri kidole kimeteleza, maana Masika alimuambia kwamba katika nyumba yetu vidole vinateleza. Akasema anaweza kunirudisha kimya kimya.

Nikasema nitafikiri. Mutu hawezi kukubali tu.

Akasema fikiri, Papa Sikuli, mimi namutafuta muke wako.

Kilichofuata nimeambiwa baadaye, na watu watatu, wote wakicheka. Mama Ernestine hawezi kuweka tone siku anazokwenda Masisi kwa mama yake. Tangu Alhamisi anataka kumuona mara nyingi zaidi. Lazima awe na mwenzake. Madame aliuliza wamama: ni nani hapa anaamka mapema kuliko wote, na akikosa maji anaumia kuliko wote? Wakasema wote pamoja: Masika. Hata Mama Twizeyimana alisema Masika. Alisema akiangalia chini, lakini alisema.

Muke wangu ni admin. Na kwa kuwa anayeweka tone anasimama kwa robine akihudumia watu, sheria mpya ni kwamba siku yake bidoni yake inajaa ya kwanza. Wiki ijayo Mama Ernestine yuko Masisi siku zote sita.

Kamba nyekundu imerudi mbele. Nimeketi, nimetafakari. Ni wazi kwamba bila machozi yangu Ernestine asingemukumbuka mama yake, na bila mama yake nafasi isingepatikana. Nilimueleza Masika jinsi mipango yangu ilivyozaa matunda. Alikuwa anapima unga. Akapima upya.

Nikamuambia nakubali kurudi katika grupu, kwa ajili yake. Akabonyeza. Na hapo nimegundua jambo moja zaidi kuhusu simu za siku hizi. Mutu akitoka, hakuna anayeona. Akirudishwa, wote wanaona. Imeandikwa katikati, na itabaki: Masika amemuongeza Sikuli.

Papa Théogène alikuja mbio kurudisha kiti. Alitaka tu kuona uso wangu.

Jumatatu, tarehe 13 Oktoba

Tone la Masika limetoka saa kumi na mbili kamili. Safi, la bluu, mahali pake. Bidoni ya kwanza. Buyi sufuria mbili. Wateja wawili wa ng'ambo wamevuka barabara kurudi. Nilisimama mulangoni nikiangalia avenue inavyoamka kwa tone moja, bila kelele, watu wakishuka kwa robine na kila mutu akijua la kufanya. Ni kitu kizuri sana. Kina heshima yake. Nilijisemea: hiki mutu asikiguse.

Saa nne wamekigusa.

Madame Charline ameandika kwamba tone linasaidia, lakini watu wanashuka na bidoni wakati maji yameshakatika. Kuanzia kesho, maji yakikatika, Masika ataweka duara jekundu.

Duara! Jekundu!

Vidole gumba hamsini na mbili. Cha kwanza, cha Muzee Habarurema. Ameshajua kubonyeza mwenyewe.

Nimemuambia Masika akatae. Nimemueleza kwamba sisi ni watu wa tone. Tone lilitutosha siku zote. Leo duara, kesho pembetatu, na kesho kutwa watoto wetu hawatajua tena maji yalikuwa yanatangazwaje kwetu. Akaniuliza tangu lini mimi ni mutu wa tone. Nikasema tangu mwanzo. Akatoka na sufuria.

Grupu imefungwa, siwezi kuandika. Haidhuru. Nimechukua karatasi nne na nimechora mistari ya majina ya wanaokataa duara. Kesho saa kumi na moja nitaanza nyumba kwa nyumba. Lazima awepo mutu wa kulinda mila za wazee.